Hanjari Iliyomenya Papai

Wiki iliyopita nusura nigombane na mgeni wa watu ndani ya duka la zawadi. Nilikuwa nimempeleka shoga yangu uwanja wa ndege, ndege ikachelewa, tukaingia dukani kutazama tazama. Pale karibu na ubani na halua wanauza hanjari ndogo za kufungulia barua, mpini wa plastiki, ala ya bati iliyopakwa rangi ya fedha. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa ameshika moja, anaitoa, anairudisha, anaitoa, anairudisha, huku anaongea na mkewe khabari nyingine kabisa. Mara ya nne au ya tano nikamshika mkono. Wallahi nilimshika, hapa kwenye kifundo, nikambana. Akanitazama, mkewe akanitazama, shoga yangu akanivuta buibui. Niliomba radhi kwa Kiingereza changu kibovu nikatoka nje.

Shoga yangu aliniuliza kulikoni, nikamwambia sukari imeshuka. Mtu mzima mimi, mkunga wa miaka mingi, nimezalisha wanawake ambao watoto wao sasa wananiamkia sokoni, na bado siwezi kumuona mtu anachomoa hanjari kwa mchezo. Basi niache niseme ilivyokuwa. Nyinyi wa rika langu mtanielewa, mliolelewa katika nyumba kama yetu, na wazee waliotutisha kwa neno moja wakaenda zao kusali, sisi tukabaki nalo.

Nyumba yetu ilikuwa Sib, Oman, katika nyumba za serikali. Ndege zikishuka vikombe vinagongana kabatini. Ndani tulisema Kiswahili cha Unguja, mlangoni Kiarabu. Baba alikuwa na kazi wizarani, kila asubuhi na gari yake mpaka Maskati. Mama alikuwa na mimba, ya pili kukaa, ya kwanza nikiwa mimi, tena baada ya miaka minane ya kungoja. Katikati ziliharibika mbili, lakini hilo niliambiwa nilipokuwa mkubwa. Wakati ule nilijua tu kwamba Mama hanyanyui ndoo, na kwamba Baba akirudi kazini humtafuta yeye kwanza, na viatu bado miguuni.

Babu, baba yake Baba, alikuwa na banda lake uani nyuma ya jiko. Unguja alikuwa sonara wa bangili na vipini vya pua. Aliporudi Oman akakaa chini ya fundi mmoja pale Sib, na mvi zake kichwani, akajifunza upya kama mtoto wa skuli, akawa mtengeneza hanjari. Banda lilinuka unga wa msandali, ngozi mbichi na ulimbo uliopashwa moto. Nikitoka skuli nilikuwa natupa mkoba ukumbini na kwenda huko moja kwa moja. Mama alilalamika kwamba nguo zangu zinanuka kama jeneza la tajiri.

Kisu chenyewe Babu alikinunua kwa mhunzi. Kilikuwa kimepinda, na katikati kina uti unaokwenda mpaka nchani. Mpini aliuchonga mwenyewe kwa msandali, mnene huku na huku, mwembamba kiunoni, ushikike vizuri. Za zamani zilikuwa za pembe ya kifaru, na hiyo ilikwishapigwa marufuku, Babu akaona bora, maana alisema pembe inamchosha mkono. Aliujaza mpini ulimbo wa moto, akashindilia mkia wa kisu ndani yake, akaushika hivyo hivyo mpaka upoe. Wakati huo hata ungemwambia jiko linaungua asingekujibu. Ala ilikuwa ya mbao nyepesi iliyovishwa ngozi, nayo mwisho wake inapinda kwenda juu, zaidi kuliko kisu kinavyopinda. Nilipomuuliza ya nini nafasi ile yote ambayo kisu hakifiki, alisema ni uzuri tu, na kwani uzuri haba?

Halafu ndipo ikaja kazi ya nyuzi. Aliyeyusha riali kongwe za fedha, akaifua fedha ikawa ujiti, ujiti akaupitisha kwenye tundu za bamba la chuma, kwanza tundu kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi, anavuta kwa koleo na mguu mmoja ameutia ukutani, mpaka ukawa uzi wa kushonea. Ngozi yote ya mbele aliishona kwa uzi ule. Mimi nilishika ncha usijikunje. Nilipochoka nikaulegeza kidogo, aliusikia ulegevu kwenye vidole vyake kabla sijasema kitu.

Aliniambia pia zilivyotumika. Hanjari ni silaha ya mtu aliye karibu nawe, alisema, unayesikia pumzi zake. Inachomolewa kwa mkono wa kulia na kushushwa, na ule upindo unaifanya iingie bila kugonga mfupa. Ndiyo maana zamani, watu wakigombana na mmoja akaweka mkono tu kwenye mpini, waliokuwa karibu walimrukia wakamkamata kifundo. Wakimuwahi, ugomvi umekwisha, kahawa inamiminwa. Wasipomuwahi, hakuna tena la kusema. Nyuma ya ala kulichomekwa kisu kingine kidogo, hicho ndicho cha kazi, cha kukatia nyama na kutolea mwiba. Kile kikubwa hakiguswi.

Nikamuuliza Babu, kwa nini hakiguswi.

"Mke wangu," alinijibu, maana ndivyo alivyokuwa akinita kwa utani wetu, "hichi si kisu cha kumenyea papai. Mwenye kukitoa hakirudishi kikavu. Lazima kionje damu. Na usipokipa, kinajitafutia chenyewe humo humo ndani ya nyumba."

Aliyasema bila kuinua macho kwenye mshono wake. Kisu kilikuwa kikali na mimi nilikuwa mtoto mwenye mikono isiyotulia, akaona neno moja litatosha badala ya kufuli. Wala simlaumu, nami kina mama wodini nawadanganya kila siku ili watulie. Lakini nililimeza zima zima.

Basi mwaka ule Baba akawa anapandishwa cheo. Kulikuwa na mkusanyiko utakaofanyika, na wanaume wa daraja ile huhudhuria na hanjari kiunoni. Akaitoa kabatini hanjari ya marehemu babu yake, mpini wa pembe, wa rangi ya asali ya zamani, mishono imefumuka chini. Alimpa Babu aitengeneze. Mama alimtania kwamba ataivaa wapi na tumbo lile, labda begani. Walikuwa wakicheka hivyo, yeye na tumbo lake, Baba na lake.

Alasiri moja Babu alikwenda msikitini, akaiacha juu ya benchi. Nilitaka kuona tu. Nilijiambia kisu chenye kiu lazima kitakuwa na alama, kitakuwa na kitu. Nikaishika ala kwa mapaja nikavuta mpini kwa mikono miwili. Ilikataa, kisha ikatoka ghafla. Haikuwa na alama yoyote. Ilikuwa safi, na nikajiona ndani yake, uso umevutika. Hapo hapo Mama akanita nikanywe maziwa. Nikairudisha. Nilijua ninachokifanya, hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Niliirudisha kavu, kwa kuwa niliogopa kujikata, nikaenda kunywa maziwa yangu.

Asubuhi ya pili yake Mama alikuwa jikoni anachagua mchele. Nilikuwa mezani navaa soksi. Alisema "Yarabi" taratibu, kama aliyesahau kitu dukani, akashika ukingo wa sinki. Nikaona damu kwenye kanga, kisha kwenye kisigino chake, kisha sakafuni, na sakafu yetu ilikuwa nyeupe. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Kamwite babu yako. Usikimbie, utateleza." Nikakimbia.

Hospitali walimlaza. Watoto hawakuruhusiwa kupanda wodini. Shangazi yangu alikuja kukaa nasi kupika, Baba akawa haonekani, na kila nilipouliza niliambiwa Mama hajambo, anapumzika. Lakini nilimsikia Shangazi akimwambia mtu kwenye simu kwamba damu inasimama, inarudi, inasimama, inarudi. Mimi peke yangu katika nyumba ile nilijua sababu. Kisu kilikuwa kinakunywa. Kilikunywa kikapumzika, kikanywa tena, na hakuna daktari aliyekuwa akikitafuta kule kilikokuwa, ndani ya kabati la banda letu, kimefungwa kitambaa. Sikula. Nililala na viatu kitandani ili nikiitwa niwe tayari. Mara mbili nilisimama mbele ya Babu nimwambie, nikageuka nikarudi ndani. Ningemwambia nini, kwamba nimemuua Mama kwa ajili ya kutazama?

Ijumaa wanaume walipokwenda kusali, nikaenda bandani. Babu alikwishaimaliza, mishono mipya inang'aa. Niliichomoa, nikaweka makali kwenye kiganja cha kushoto, nikafumba macho. Mara ya kwanza sikuweza. Mara ya pili nilivuta. Moto ule siusahau, ulipanda mpaka kwenye jino. Nilikidondoshea kisu damu upande mmoja, nikakigeuza upande wa pili nao upate, nikakiambia basi, hii ni yangu, mimi ndiye niliyekutoa, muachie Mama. Nikakirudisha kimelowa. Mkono niliufunga kwa kitambaa cha kupigia fedha msasa, nikakaa chini, nikangoja.

Na simu ikalia. Shangazi aliipokea ukumbini, mara nikasikia vigelegele. Mama kapasuliwa, mtoto wa kiume, wote wawili wazima.

Sijui kama nitapata tena furaha ile. Nimeolewa, nimezaa, nimekwenda Makka, na sijaipata. Niliinama pale chini ya benchi la Babu nikalia mpaka makamasi yakaingia mdomoni. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimemuokoa mama yangu.

Baba alikuja baada ya alasiri, kuoga na kumchukulia Mama nguo. Macho yalikuwa mekundu na ndevu zimemuota, lakini anacheka peke yake. Akaniinua juu kwa mikono yote miwili, nikapiga ukelele kwa maumivu ya kiganja. Ndipo akaona kitambaa. Alipokifungua, kilikuwa kimegandia, na mimi nikaeleza yote, tangu maziwa mpaka simu. Nilieleza kwa kujivuna. Nilitarajia atanibusu.

Aliniweka chini polepole. Baba yangu alikuwa mtu aliyesoma ng'ambo, hapendi hirizi, hapendi maji ya kombe, hapendi mtu kumwambia mambo ya kijicho. Hakunigombeza hata neno. Alikwenda uani alikokaa Babu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti kwa baba yake.

"Umemfunza nini mtoto, Baba? Mtazame mkono."

Babu aliutazama mkono wangu. Akasema alinitisha tu nisiguse. Akasema ni maneno ya wazee, alitishwa nayo na yeye.

Baba aliingia bandani akatoka na hanjari. Aliniita nisimame karibu, nione. Alipoweka mkono kwenye mpini, Babu akanyanyuka kitini, mzee wa magoti mabovu yule, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kifundo cha mwanawe. Hakumfikia. Sikulifikiria wakati ule, nimelifikiria sana baadaye. Yeye mwenyewe, dakika moja nyuma, alikwishasema ni kutishana tu.

Baba aliichomoa. Kisu kilikuwa na ukoko wa damu yangu, wa kahawia. Akakiosha kwenye bomba la uani, akachukua papai jikoni, akaketi kwenye kizingiti akalimenya kwa kisu kile kikubwa kisichomenya papai, vibaya, anakata nyama nyingi na ganda, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akakata kipande akanipa. Akamnyooshea Babu kipande, Babu hakupokea. Akala mwenyewe.

"Kula," akaniambia. "Umeona? Kisu ni kisu. Kimetoka, kimekata papai, kinarudi." Akakipangusa kwa kanzu yake, pande zote mbili, akakirudisha kwenye ala kikavu kabisa. "Mama yako yuko kitandani anakunywa supu. Kesho nitamuomba daktari upande ukamuone."

Nikala. Papai lilikuwa tamu, na lina ladha ya chuma kidogo. Nilimuamini Baba, na kwa muda wa kula kile kipande mzigo wote ulinitoka. Yeye akaenda kuoga huku anaimba imba. Simu ikalia. Shangazi aliisikiliza, akaweka chini bila kuaga, akaenda kugonga mlango wa bafuni kwa viganja viwili.

Baba alitoka na povu bado nyuma ya sikio. Alikwenda hivyo hivyo. Mama alifariki kabla ya magharibi, damu ilirudi na safari hii haikusimama. Baba hakumkuta.

Tulimzika asubuhi yake, yaani walimzika, mimi sikwenda. Babu alifunga banda na hakulifungua tena. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, mpole, ananipa pipi, lakini hakunita tena mke wangu. Mtoto alilelewa na Shangazi. Mkusanyiko wa Baba ukafika, hakwenda. Ukaja mwingine, akasema anaumwa. Kazi kama ile huwezi kuifanya bila kusimama mbele za watu na hanjari, na yeye hakuivaa tena, hata Idi, akawa anakwenda kusali na bakora tu. Cheo akapewa mwengine. Watu walisema ni msiba, anampenda sana mkewe. Mdogo wangu alipooa alivaa hanjari ya mjomba wake, na wanaume walipotoka na panga kucheza, Baba alikwenda kukaa ndani ya gari.

Na mimi nilikuwa na yangu. Nilijiambia damu niliyotoa ilikuwa ndogo. Ilimtosha mtoto, haikumtosha Mama. Kama nisingeogopa mara ya kwanza, kama ningekata zaidi. Nilipokuwa namuogesha mdogo wangu kuna siku nilimtazama nikamuonea uchungu, nikatamani ile damu ningemnyima yeye, nikawaza ni yeye aliyemaliza yote. Mtoto mchanga wa watu. Hilo nalo sijamwambia mtu mpaka leo.

Nikasomea ukunga. Hakuna anayehitaji kuniambia kwa nini. Sasa najua kilichomuua Mama, nimekiona mara nyingi: kondo la nyuma lililokaa chini, kisha fuko la uzazi lililochoka likakataa kujikaza. Nimetia mkono huu wenye kovu nikabana, nikabana, mpaka damu ikasimama, na wanawake hao wapo, wengine wananiletea mkate wa ufuta. Najua. Kichwa changu kinajua vizuri kabisa.

Baba aliugua moyo mwaka wake wa mwisho, nikahamia kwake Sib kumuuguza. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa namkata kucha za miguu, magazeti nimetandaza chini, tunaongea khabari za bei ya samaki. Mara akasema, kwa sauti ile ile ya samaki:

"Wewe ulikwishakipa. Kilikuwa kimeshatulia. Mimi ndo niliyekitoa tena."

Nilimwambia aache. Nikaweka mkasi chini, nikamueleza yote, kondo, fuko, operesheni, nikamueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, taratibu, kwa vidole. Nilisema angekuwa ameketi sebuleni anasoma gazeti, simu ile ingelia vile vile. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Nnayajua yote hayo," alisema. "Nilimuuliza daktari mwaka ule ule, akanichorea na picha. Nnayajua, mwanangu. Na miaka yote hii, kila nikifumba macho nakirudisha kikavu."

Akanishika kiganja cha kushoto, akakigeuza, akaweka kidole juu ya kovu. Hakuwahi kuligusa tangu siku ile.

"Nisamehe, mama."

Nilikuwa na la kusema. Kazini nalisema kwa waume waliofiwa, nimelisema sijui mara ngapi, kwamba hakuna la kusamehe, si wewe, si mtu. Nilifungua mdomo nilitoe. Akanitazama, mzee wa watu, nikaona kwamba hilo halimfai, analijua, ameshaambiwa na wengi na halikumpa hata usingizi wa usiku mmoja. Anataka kile alichokiomba.

"Nimekusamehe, Baba," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, akalala pale pale, mguu mmoja umekatwa kucha, mmoja bado. Nikabaki nimeushika. Nilikuwa nimemkubalia baba yangu kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yangu, na kilichonimaliza ni kwamba nilipokuwa nikilisema lile neno sikuwa namdanganya.